Mhimili wa Kati: Maisha ya Fundi Paleti

Baba yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Fundi Paleti, alizaliwa tarehe 14 Mei 1969, mtoto wa tatu wa mpasua mbao na mshona mashuka. Baada ya shule ya msingi alisomea useremala chuoni, akahitimu mwaka 1988.

Mwaka 1991 aliajiriwa kwenye karakana ya ghala kutengeneza paleti, yale majukwaa ya mbao yanayobeba mizigo. Kwa miaka thelathini na mitatu alipigilia mbao za juu na za chini kwenye mihimili mitatu. Kila alipomaliza paleti moja aliipanda, akaruka mara mbili, akasikiliza. Ikilia, aliipaka alama nyekundu na kuifumua.

Alimwoa Mama tarehe 7 Desemba 1996. Siku ya posa, kabla shangazi zake hawajaketi, alipindua benchi la wenyeji na kutikisa miguu yake.

“Kijana, umekuja kuoa au kukagua samani?” babu aliuliza.

“Vyote, mzee. Shangazi zangu si wepesi.”

Shangazi hao hawakumsemesha mwezi mzima.

Mwaka jana meneja mpya aliamuru mhimili wa kati uondolewe ili kubana matumizi ya mbao. Baba alimfuata ofisini.

“Bosi, sakafuni mihimili miwili imelala chini yote, itavumilia. Ukiipandisha kwenye rafu inashikwa ncha tu. Katikati ni hewa.”

“Fundi, wewe gonga misumari. Hesabu tuachie sisi.”

Baba alitii. Hatutalificha hilo, maana yeye mwenyewe hakulificha, na lilimtafuna mpaka mwisho. Alizitengeneza paleti arobaini na moja, akazipaka zote alama nyekundu ili zisipandishwe. Ofisi ikaagiza alama zifutwe kwa msasa.

Tarehe 7 Juni mwaka huu, 2024, alizikuta kwenye rafu ya tatu, zimebebeshwa saruji. Wapakizi wawili walikuwa wakipita chini. Aliwakimbilia, akawasukuma nje ya njia. Paleti moja ikakatika katikati, mifuko ya saruji ikamwangukia yeye. Wapakizi hao ndio waliobeba jeneza leo.

Alivunjika uti wa mgongo na kulazwa wiki nane. Meneja alimtembelea na matunda, pamoja na karatasi ya kutia saini, iliyosema kwamba Baba aliingia kwa uzembe eneo lisiloruhusiwa.

“Zile nyingine mmezishusha?” Baba aliuliza.

“Tunalishughulikia, Fundi.”

“Basi nenda kalishughulikie. Karatasi itangoja.”

Mapafu yalipata maambukizi, akafariki tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Juzi ofisi iliomba wasifu huu useme “ajali ya kawaida”. Mama alijibu kwamba aliyeolewa na Baba ni yeye, si ofisi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, dada wawili, na wafanyakazi wenzake kumi na tisa ambao kesho saa moja asubuhi watapita chini ya rafu ile ile. Paleti arobaini bado ziko juu. Meneja ameketi nasi hapa, safu ya pili. Hatumwombi rambirambi.

Mungu amlaze Baba pema. Zile paleti zishushwe.