Mama Kaanaye, Aliyekaa na Wanywa Mzizi

Mama yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Mama Kaanaye, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1965.

Mwaka uliofuata alipelekwa kwa shangazi yake, mganga wa mzizi unaomfanya mtu awaone wafu wake. Kwa miaka sita aliosha mabeseni ya matapishi ya wagonjwa na kuimba tu. Mzizi wenyewe hakuugusa. Alipolalamika, shangazi alimjibu, "Kuchimba utajifunza siku moja. Kukaa na mtu ndiyo kazi."

Aliolewa tarehe 2 Novemba 1974 na fundi saa, baba yetu, aliyezoea kumtania kwamba wimbo wake mmoja humaliza betri mbili za saa. Wimbo huo ulianza mgonjwa anapokunywa mzizi, na haukukatishwa mpaka akili zimrudie, aitike jina lake. Kabla ya hapo zilikuwa siku tatu bila chumvi, na lazima aje na ndugu wa kumshika mkono. Aliyekuja peke yake alirudishwa nyumbani. "Kaa naye," Mama alimwambia kila ndugu, na jina likamganda.

Mwaka 2016 mwanawe wa pili, mfamasia, ndiye huyu anayewasomea wasifu huu, alichukua mzizi bila ruhusa. Nyimbo aliziona mbwembwe tu. Aliusaga, akaupima kwenye mizani, akampa mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe, kisha akamfungia mlango ili atulie. Mwalimu alimwona mkewe akimwita, na hapakuwa na wa kumwambia arudi. Mpaka leo hawatambui wanawe. Mama hakupaza sauti. Alisema, "Kipimo ulikipatia. Mtu ulimwacha." Tangu hapo hakumpa mtu mzizi tena, ila kila Alhamisi alikwenda kwa mwalimu, akakaa, akamwimbia.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Asubuhi ya tarehe 9 Juni mfamasia aliinuka kwenda kumwita muuguzi, Mama akamshika kiganja. "Kaa, mwanangu. Imba." Aliimba. Ubeti wa pili hakuujua, kwa kuwa hakuwahi kuusikiliza. Akarudia wa kwanza, akimwita Mama kwa jina lake, mpaka saa nne na dakika kumi alipoacha kuitika.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mwalimu, aliyeketi safu ya mbele pamoja na bintiye. Alhamisi mfamasia atakwenda kwake, na ubeti mmoja alionao.

Pumzika kwa amani, Mama. Leo sisi ndio tumekaa nawe.