Aliyegonga Boriti

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Gonga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi mwashi na mkewe. Baada ya darasa la saba alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu masomo ya ujenzi mwaka 1972.

Kwa miaka thelathini na saba alikuwa mkaguzi wa majengo. Alitembea na nyundo ndogo mfukoni, akigonga boriti za zege na kutega sikio. Zege zima lililia ngo! Lililoachana na nondo zake, vile vyuma vya ndani, lililia bwe. Hata alipokwenda kuposa, mwaka 1978, aligonga boriti ya sebuleni kabla ya kuketi.

"Kijana, umekuja kuposa binti au nyumba?" baba mkwe alimwuliza.

"Binti, mzee. Lakini na nyumba ni nzima."

Mkewe alitangulia mwaka 2004. Tangu hapo Gonga alipikia sufuria moja, ile ndogo.

Tarehe 9 Agosti 2009, jengo lenye duka la mdogo wake liliungua. Wenye jengo walipiga lipu na rangi, wakamletea Gonga karatasi ya kuthibitisha kuwa jengo ni salama, aweke sahihi. Akakataa katakata. "Kutu ilishakula nondo na kupasua zege," alisema. "Moto nao umepenya kwenye nyufa. Rangi haitabeba ghorofa hiyo." Jengo likafungwa, duka likafa, na mdogo wake akamnyima salamu. Kila Jumapili Gonga alikwenda kumgongea mlango, mara tatu, taratibu. Haukufunguliwa. Baada ya mwaka mzima aliacha kwenda.

Jengo lilibomolewa mwaka 2016. Mdogo wake alikwenda kutazama, akaokota kipande cha nondo. Ilikuwa nene kama kidole gumba; sasa ilibaki kama penseli. Aliifunga kwenye gazeti, akaiweka uvunguni, akisema ataipeleka kwa kaka yake Jumapili. Aliona haya, na Jumapili zikapita.

Gonga alianza kuugua mapafu Januari 2021. Muuguzi anasema alikuwa akigonga ukuta wa wodi kwa kidole, kisha anatulia kusikiliza. Alifariki tarehe 2 Juni, saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa. Binti yake alikuwa bado njiani. Kiti cha kando ya kitanda kilikuwa kitupu.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake, ambaye ndiye mimi ninayewasomea.

Kaka, nondo nimekuletea. Ulisema kweli. Na zile Jumapili zote ulizogonga, nilikuwa ndani.

Pumzika salama.