Macho Aliyomtunzia Mdogo Wake

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wa mume wa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake, na kwa kuwa nimekuwa shemeji yake kwa miaka thelathini na mitatu, nikila kwake na kutaniwa naye bila huruma, mtanivumilia nikitabasamu mahali pasipofaa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa stoo na mke wake mshonaji, na tangu siku hiyo alikuwa na yale macho ya upande wa mama yake, yaliyozama kidogo, yenye weusi na kibonde chini yake, mfano wa alama ya kidole kwenye unga, hata mkunga akamwonea huruma akidhani mtoto hakupata usingizi tumboni. Mdogo wake wa pekee, wa kiume, alizaliwa mwaka 1976 na macho hayohayo, na mama yao alipofariki mwaka 1982, marehemu akiwa msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamwogesha, akamfulia, akamlea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza sekondari mwaka 1983, akiandika kazi za shule huku uji wa mdogo wake ukichemka, na mwaka 1985 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1988 kwa alama nzuri ambazo hakuwahi kutuacha tuzisahau.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika wodi ya walioungua kwa moto, akakaa hapo miaka kumi na mitano akitazama ngozi mpya ikichomoza pembeni mwa kidonda, na akapenda ile saburi ya ngozi kujijenga yenyewe, ndiyo maana mwaka 2004 daktari mmoja wa ngozi alipofungua kliniki yake ghorofani, juu ya duka la vitambaa, marehemu alimfuata bila kuuliza mara mbili. Humo ndani, katika chumba chenye kiti kimoja cha kulaza, taa ya shingo ndefu na mashine ndogo ya kuzungushia damu, alifanya kazi iliyompa jina la Mama Macho, akimtoa mteja damu kidogo mkononi, akiizungusha hadi yajitenge yale maji ya manjano yanayobaki juu, kisha akiyarudisha kwa sindano nyembamba mno chini ya macho ya mwenyewe, ili ngozi iliyochoka na kusinyaa ipate nguvu ya kujirudi polepole. Zilipokuja dawa nyingine zitokanazo na samaki alijifunza kuzitumia pia, na mume wake akawa hana raha, akisema wanaume wenzake huletewa samaki mezani, wake yeye hudungwa machoni mwa watu. Hakuwa mdanganyifu, wengi wenu hapa mnajua, maana alimrudisha nyumbani akalale yule ambaye dawa yake ilikuwa usingizi, na aliyekuwa akilia kila usiku kwa sababu ya mume alimwambia wazi kwamba sindano haifiki huko.

Mnamo tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi wa majokofu, kwa sharti moja tu, kwamba mdogo wake aje naye, na kaka yangu akakubali haraka kabla bibi harusi hajabadili mawazo. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1993 na wa pili mwaka 1997, na nyumba yao ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao ilijaa watu wanne wenye macho ya kukosa usingizi na fundi mmoja aliyelala fofofo.

Tarehe 2 Februari 1999 mdogo wake, aliyekuwa amejifunza kuchomelea vyuma, aliondoka kwenda kufanya kazi migodini nchi ya jirani, akawa anapiga simu ya mezani kila mwisho wa mwezi, na mwaka 2001 barabara ilipopanuliwa mtaa wote ukavunjwa, simu ikakatwa pamoja na nyumba, na tangu hapo dada huyu hakumsikia tena mdogo wake. Mabinti walipokua walimtafuta mitandaoni, wakapata wanaume wengi wenye jina lake na hakuna hata mmoja mwenye macho yake. Marehemu naye, kila akitoka kazini, alishuka kituo kimoja kabla, akatembea taratibu pale ilipokuwa nyumba, uso juu, hata jua kali likiwaka hakuvaa miwani ya giza, nasi tukamcheka kwamba anajionyesha.

Wateja walimuuliza mbona yeye mwenyewe hajifanyii, naye akawajibu, "Mimi ndiyo picha ya kabla, ya baada mtapiga nyinyi," wakacheka, likaisha. Alipotimiza miaka hamsini daktari wake alimkalisha kwenye kile kiti kwa nguvu, iwe zawadi, damu ikatolewa, ikazungushwa, sindano ikasogezwa, na hapo marehemu akashika mkono wa daktari akaomba ashuke, akamweleza kwamba nyumba aliyoijua mdogo wake haipo, simu haipo, shangazi aliyekuwa akijua walikohamia amekufa, kilichobaki ni uso huu tu, na siku akipita asije akampita. Daktari aliyamwaga yale maji, akalifunga lile neno moyoni kama siri ya mgonjwa yeyote, hadi jana usiku alipotueleza.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo, tarehe 3 Juni akagunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ini, akalazwa mara tatu, akakonda, na yale mabonde yakazidi kina, lakini kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza uso kutazama nani anaingia, na siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi alfajiri, alituacha akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Vijana wa kliniki, kwa mapenzi yao, walitengeneza picha kubwa ya kuweka mlangoni, na kwa kuwa mikono yao imezoea, wakamfuta weusi, wakamjazia mabonde, akawa mama mmoja mzuri sana tusiyemjua. Jana jioni mwanaume mmoja mwenye begi, aliyesikia tangazo la msiba redioni akasafiri siku nzima, alifika mlangoni, akaitazama picha ile, akamwambia jirani yetu fundi cherehani, "Samahani mama, nimepotea, kuna msiba mwingine mtaa huu?" akageuka kuondoka, na jirani, aliyekuwa amemwangalia usoni, akamkimbilia barabarani akimwita mjomba wa watoto. Ndiye huyo aliyekaa karibu na jeneza. Ametuambia kwamba mwaka 2007 alirudi, akakuta lami mahali pa nyumba, akawauliza wauza maji, hakuna aliyejua, akasimama hadi jua likazama, akarudi alikotoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, daktari wa kliniki na vijana wake, ambao picha yao tumeitoa bila kinyongo na wasiendelee kulia kwa hilo, majirani waliopika na kukesha nasi, mafundi wanaofanya kazi na kaka yangu, na zaidi fundi cherehani kwa mbio zake.

Shemeji, sina la kukuongezea ila hili, kwamba jana binti yako mdogo alipomletea mdogo wako ile picha uliyopigwa jikoni, ambayo haikuguswa na mtu, hakuuliza wewe ni nani, aliishika kwa mikono miwili akakuita dada, akakuita tena, nasi sote tukasikia isipokuwa wewe. Pumzika sasa kwa amani, amefika.