Mama Mchanga na Mpira wa Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto. Mkuu wa Chuo. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yetu unayestaafu, ambaye tangu uingie unanusanusa hewa ya ukumbi huu kana kwamba kuna kitu tumemwaga:

Tumekutana kumuaga Mama Mchanga, mtunza stoo ya kemikali. Jina hilo alilipata kwa ndoo za mchanga alizozipanga mlangoni, ambazo sisi walimu, watu tuliosoma, tulizigeuza kuwa mahali pa kuzimia sigara. Nje ya stoo yenye spiriti! Alitufukuza mmoja mmoja, akauchekecha mchanga wake upya, na salamu zetu hakuziitikia muhula mzima.

Je, yupo asiyekumbuka siku karakana ya useremala, iliyo ukuta kwa ukuta na stoo, iliposhika moto? Zimamoto walifika upesi, tunawashukuru. Kijana mmoja shupavu akaja mbio na mpira wa maji. Mama Mchanga akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Maji humu hayaingii, mwanangu."

"Mama, toka hapo! Kanga yako inaungua!"

"Naiona. Humu kuna sodiamu, nimeilaza kwenye mafuta ya taa hata hewa isiiguse. Ukiimwagia maji italipuka, na hatabaki wa kuzima. Shika ndoo."

Kijana akashika ndoo. Moto ukaishia kizingitini. Kisha akamwambia, "Nitakushughulikia baadaye," akapeleka malalamiko kwamba mama huyu amezuia kazi ya zimamoto. Kwa malalamiko hayo alivuliwa ukuu wa stoo, na leo anastaafu akiwa msaidizi wa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Mtu huyo ni mimi, mwalimu niliyekabidhiwa stoo yake, na jambo hili linaniuma sana.

Mkuu wa Chuo yuko tayari kumrudishia cheo chake leo hii, kabla hajakabidhi ufunguo, ili mradi mlalamikaji afute kauli yake. Tulimtafuta mlalamikaji. Kumbe amepanda vyeo. Ndiyo maana, Mgeni Rasmi, tumekualika wewe.

Mheshimiwa, ulisema baadaye. Baadaye ndiyo hii. Mama Mchanga ameketi kulia kwako, na hiyo ndoo iliyo chini ya kiti chako ndiyo ile uliyoishika siku ile. Tafadhali usizimie sigara humo.

Asanteni kwa kunivumilia. Sasa tumsikilize yeye.