Paswadi Niliyoipeleka Uchi

Ndugu zangu, nimetoka Jinja asubuhi hii kuja kusimama mbele yenu. Mtu akiona hawezi kunisikiliza, atoke tu, sitamlaumu.

Mimi ndiye niliyekuwa natunza kompyuta za kliniki yenu hapa Mbale. Ile orodha iliyozagaa kwenye simu za watu, nani anameza dawa za virusi vya UKIMWI na tangu lini, ilitoka kwa mkono wangu.

Naishi Nalufenya, kule Jinja, na kazi nyingi nilizifanya nikiwa hukohuko: nafungua kompyuta yangu, naandika paswadi, naingia kwenye ile ya kliniki bila kusafiri. Lakini programu niliyotumia ilikuwa ya kizamani, inapeleka paswadi uchi, herufi kwa herufi, kama barua isiyo na bahasha. Ipo nyingine inayoisimba, yaani inaivuruga kabla haijaondoka, ili anayeidaka njiani asiambulie kitu. Nilijua hayo yote.

Nikamwambia mkubwa wangu wa kliniki, karani mstaafu wa jeshi, kwamba tuibadilishe. Akasema, "Hii inafanya kazi, bwana. Wacha."

Nikajibu, "Ndiyo, afande."

Nawaambia, mimi ni mtoto wa askari magereza, nimekulia kambini. Hiyo "ndiyo afande" hunitoka kabla sijafikiri. Cheka tu, mama uliyekaa hapo mbele, hata mimi ningecheka kama isingeumiza watu.

Siku moja umeme ukakatika nyumbani, nikaenda jirani, Bugembe, kwenye mgahawa wenye intaneti ya bure, nikaingia kwenye kompyuta ya kliniki kutokea hapo. Mtu aliyekuwa kwenye intaneti ileile akaisoma paswadi yangu. Wiki hiyohiyo orodha ikatoka. Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi: wake waliofukuzwa, magodoro barabarani, mtaa mzima wa Nkoma unatazama.

Nilipoachishwa kazi niliona nimeonewa. Mwaka mzima nilikunywa waragi nikimlaani afande.

Halafu mama mmoja wa kwenye orodha akanitafuta mpaka akanipata. Akasema, "Nionyeshe walivyoingia." Nikaweka kompyuta mbili mezani. Nikaandika paswadi huku, ikajitokeza kule, yote. Nikafungua ile programu nyingine, nikaandika tena. Kule zikaja takataka zisizosomeka.

Akauliza, "Na hii ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Kuiweka ni siku ngapi?"

"Mchana mmoja."

Akazifunga kompyuta zote mbili. Kisha akasema, "Basi acha kulewa, ukawaambie wenyewe."

Nimeacha. Nimeomba ruhusa kliniki, ile programu ya kizamani nimeing'oa kwa mkono wangu, na kliniki nyingine mbili nimezipitia bila kuitwa, kuwaonyesha hatari hiyohiyo. Hainipi raha, maana waliofukuzwa hawakurudishwa. Ila nawaomba: ukiona mlango uko wazi na mkubwa anakwambia uache, ufunge kwanza, umjibu baadaye.

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Kaka yangu, uliyekuwa ukiimwaga chini waragi yangu ili niache, asante. Na yule mama, kama yumo humu au hayumo, sisemi. Ningependa kumshukuru kwa jina, lakini jina lake limeshatajwa vya kutosha.