Foleni Iliyotulisha

Sogezeni viti, wanangu, mnikaribie, maana sauti yangu leo haifiki mlangoni. Na wewe mkwe wangu, zima hiyo simu, wateja watapiga kesho. Fungueni pazia niione barabara ninapozungumza. Hivyo hivyo. Sitaki mtu alie kabla sijamaliza, kwa sababu mkianza kulia nitasahau nilikofika, na katika ninayowaachia yapo yasiyoandikwa kwenye hati.

Nyinyi mmelelewa na foleni. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Enzi hizo lori la mizigo likifika hapa mpakani lililala hata wiki nzima, dereva akihangaika na karatasi zake kutoka dirisha hili hadi lile, na akimaliza upande huu anaanza upya upande wa pili, mzigo ule ule, maswali yale yale. Mimi nilikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba, na jiko, na pipa la maji ya kuoga. Madereva waliniita Mama Foleni, na sikulionea haya jina hilo, kwani malori yaliyokwama ndiyo yaliyowanunulia sare za shule. Kufa kufaana, walisema waliotutangulia, nami nilikuwa miongoni mwa wanaofaana: nyanya za mtu zilioza ndani ya tela, maji yake yakachuruzika barabarani, na mtu huyo huyo aliyekuwa analia akaja kwangu kutafuta kitanda.

Baba yenu mnamjua kwa picha tu. Tumbo lilimshika mchana, akiwa hapa nyumbani, akajikunja kama mtu aliyechomwa kisu. Mdogo wake, baba yenu mdogo, akamtia garini akimbie naye hospitali. Angekimbilia wapi? Malori yalikuwa yamejipanga safu mbili, mbele hakupitiki, nyuma hakugeuziki. Madereva wakashuka, majirani wakatoka majumbani, wakambeba mikononi wakipokezana, na alikata roho kabla hawajakimaliza kilima cha kwenda hospitali, mabegani mwa watu waliokunywa chai yangu asubuhi ile. Foleni iliyonilisha ndiyo iliyonifanya mjane. Tulipomzika nilirudi jikoni, maana nyinyi mlikuwa bado mnataka kula.

Nipeni maji kidogo. Ahsante.

Ikaja siku serikali ikaleta mapendekezo ya sera mpya ya usafirishaji, na tume ikafika kukusanya maoni katika ukumbi wa shule. Walitueleza vizuri, bila kiburi: maofisa wa nchi zote mbili watakaa chini ya paa moja, mzigo ukaguliwe mara moja tu; karatasi zitatumwa kwa mtandao kabla gari halijafika; mizani itapima lori likiwa linatembea; na reli itashusha makontena katika bandari kavu itakayojengwa pale bondeni. Baba yenu mdogo alikuwa na uwanja wa kuegesha malori, mkubwa kuliko yote, na alikwisha kupita nyumba kwa nyumba akituomba tukatae kwa sauti moja. Msije mkamwona mjinga. Alikuwa anatetea vyungu vya mji mzima, na changu kikiwemo.

Nikanyoosha mkono. "Mimi ndiye Mama Foleni," nikasema, "na foleni hii nawaomba muiondoe." Ukumbi wote ukanigeukia. Nikawaeleza jinsi baba yenu alivyokufa, ingawa nusu ya watu mle ndani walikuwa wamembeba.

Baba yenu mdogo akasimama. "Shemeji, unakata tawi ulilokalia."

"Tawi limeoza, shemeji," nikamjibu. "Likivunjika lenyewe litatuangusha tukiwa usingizini. Afadhali tulikate tukiwa macho, tuchague pa kuangukia."

Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mtaratibu wa maneno, akaniuliza, "Na wewe utakula nini?" Nikamwambia: andikeni katika sera yenu kwamba sisi tulioishi kwa foleni tutapewa nafasi ndani ya bandari kavu kabla ya wageni, tutakachokula tutakijua wenyewe. Aliandika. Na sera ilipotoka, kipengele kile kilikuwamo. Maneno yangu, wanangu. Yalikuwa yamevalishwa suti na tai, lakini niliyatambua kama mama anavyomtambua mwanawe kwenye harusi.

Sitawadanganya kwamba kulikucha siku hiyo hiyo. Foleni ilipokwisha, mji ulinyamaza hata ukasikia kuku wa jirani. Vyumba vyangu vikakaa vitupu, na wenzangu wa majiko walinipita njiani kama nguzo ya umeme. Baba yenu mdogo akaacha kunisalimia. Lakini maji nilikwisha kuyavulia nguo. Nikawafuata wanawake wale wale, mlango kwa mlango, tukajiunga, tukaomba ile nafasi tuliyoahidiwa, tukajenga ghala dogo lenye chumba cha baridi. Siku lori la kwanza la nyanya lilipotoka kwetu na kuvuka mpaka kabla jasho la wapakiaji halijakauka, nilisimama langoni nikacheka peke yangu kama kichaa. Nyanya zile zilikuwa ngumu, wanangu. Unabonyeza, hazibonyei.

Sasa sikilizeni mgawo. Nyumba hii ni yenu wote wawili, na vyumba vya nyuma msivibomoe kwa pupa, wapo walimu wanaotafuta pa kupanga. Hisa zangu za ghala mtagawana sawa, lakini usimamizi abaki nao binti yangu, si kwa sababu nampenda zaidi, ila yeye huusikia mtambo wa baridi ukikohoa kabla haujaugua. Na wewe kifungua mimba wangu, najua kampuni kubwa imekufuata utushawishi kuuza. Ni kampuni nzuri, sikatai. Wapangisheni nafasi, safirisheni nao, kuleni nao meza moja. Ila msiwauzie mlango. Sera ilitufungulia huo mlango kwa sababu tulisimama tukasema. Ukishauza, wanao watabisha hodi kwao wenyewe.

Jambo la mwisho ni baba yenu mdogo. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune; nanyi mmelima vya kutosha. Nendeni kwake. Siku ya kunizika watakuja watu wengi na magari, na sitaki hata moja lisimame barabarani. Mwombeni uwanja wake wayaegeshe. Msimpe hela, ataona mnamdharau. Mwombeni kama wanawe, na...

Nani huyo mlangoni? Mbona mnatazamana?

Mpisheni. Mpisheni kiti, hawezi kusimama, magoti yake ni mabovu tangu ujana.

Umechelewa, shemeji, na siku hizi barabara iko wazi.

Cheka basi. Mimi nikicheka pumzi inakatika, nichekee na sehemu yangu. Usiseme kitu sasa, nipe mkono tu. Mzito bado. Wanangu wana ombi kwako, watakueleza nje. Na ile sehemu ya pembeni katika ghala letu, inayotazama reli, hatukumpa mtu mwingine miaka yote hii. Ulisikia? Si sadaka. Ulimtia ndugu yako garini.

Wanangu, sogeeni. Mikono yenu... hapa, juu ya yetu. Mungu awape riziki isiyosubiri msiba wa mtu. Mkapendane. Mkigombana, mgombane mchana na mpatane kabla ya... Mimi nimeridhika nanyi. Radhi zangu mnazo zote, sikubakiza.

Pazia liacheni hivyo hivyo. Malori yanapita... nayasikia yanavyopita.