Kamba ya Skola

Sogeeni karibu, wanangu, pumzi yangu imekuwa fupi na sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Bomai, acha kuegemea mlango kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Wewe ndiye mkubwa, keti chini kwenye majani na wenzako. Siwi, kaa kando ya mkeo. Dorin, binti yangu, usijifanye unachochea moto, moto unawaka vizuri, geuka unitazame. Na wewe Skola, mkwe wangu, njoo hapa kichwani pangu na hilo tumbo lako, maana leo nasema juu yake. Diwani Kuange nimemwita mimi, hakujileta. Nimemwita ili kesho asitokee mtu wa kusema bibi kizee alikuwa anaweweseka.

Siweweseki. Kichwa hiki kilikaa shuleni kwa masista mpaka darasa la sita, kabla baba yangu hajapokea nguruwe wa mahari kutoka kwa baba yenu, na hakijawahi kulegea tangu siku hiyo. Kilicholegea ni kifua.

Kwa hiyo naanza na kifo changu, kwa sababu najua mnavyotaka kukitumia. Nakufa kwa mapafu. Nimekaa ndani ya moshi wa nyumba zisizo na dirisha tangu sijaota matiti, nikavuta tumbaku iliyosokotwa kwenye gazeti mpaka vidole vikawa rangi ya udongo, na daktari wa mjini Kundiawa alinionyesha picha ya kifua changu, nusu yake nyeupe kama ukungu wa bondeni asubuhi. Hakuna aliyeniloga. Hakuna aliyenila moyo. Diwani, umesikia kwa masikio yako, na nikishafukiwa mtu akikuambia vinginevyo, mwambie mwenye kifo alikwishasema.

Nasema hivi kwa kuwa nilimsikia Bomai nyuma ya banda la nguruwe akiwaambia binamu zake, "Mama alikuwa mzima mpaka alipoanza kula viazi vya yule mwanamke." Usiangalie chini, mwanangu. Mapafu ndiyo yameoza, masikio yangu yako sawa. Sote tunajua katika milima hii sentensi kama hiyo ikishatoka mdomoni inakwenda wapi. Tuliona ng'ambo ya mto, baada ya msiba wa mzee Gigmai, wakatafuta mjane asiye na kaka wa kumsemea, wakamwita mchawi, na leo pale ilipokuwa nyumba yake pamebaki majivu na magugu. Mwanamke mjamzito, mgeni, mwenye ugonjwa ambao mmekwisha kumtangazia sokoni, nani atakuwa rahisi kuliko huyo? Maiti yangu haitakuwa shoka la mtu. Nimekataa.

Nipeni maji. Hapana, Dorin, kaa. Skola ndiye atanipa, na kwa kikombe chake, kile cha bati mlichokikwaruza alama kwa msumari. Haya. Mmeona nimekunywa.

Sasa sikilizeni nilichonacho, si kingi. Nyumba hii na mibuni ya kule juu ni ya Bomai, ndivyo baba yenu alivyotaka, nami sibishani na marehemu, tulibishana vya kutosha akiwa hai. Masufuria na cherehani ni vya Dorin. Nguruwe jike mwenye sikio lililopasuka, pamoja na mimba aliyonayo, ni wa Skola. Nilimlea mimi kwa viazi vya mikono yangu, hakuna mwanamume wa kuniuliza. Na shamba la viazi la kando ya kijito, lile nililopewa nilipoletwa hapa nikiwa bibi arusi, litalimwa na Skola, na baada yake mtoto wake, hata Siwi akifa, hata Siwi akioa mwingine, hata mkisema nini. Bomai, mbuni mmoja wa juu usiuguse kabla hujamwambia diwani mbele ya watu kwamba umelisikia hilo la kijito.

Mnaniangalia kana kwamba nimemwaga mchuzi. Basi niwakumbushe tulivyofika hapa.

Dorin alikuja siku moja mdomo umejaa popoo, chokaa ya kutafunia imemwishia, akauona mfuko wa Skola umening'inia kwenye nguzo, akatia mkono bila kuomba. Akatoa kichupa. "Wifi, hivi vidonge vya nini?"

Skola akasema, "Vyangu."

"Najua ni vyako. Vya nini?"

"Vya kumkinga mtoto."

Ungeishia hapo, Dorin. Ungesema pole wifi, nilikuwa natafuta chokaa. Lakini kabla jua halijaegemea mlima habari ilikuwa imefika sokoni, imerudi, imeongezwa chumvi, na kesho yake Skola alikuta kikombe chake kimetiwa alama, jani lake la kulia chakula limewekwa peke yake upande wa mbwa, na watoto wako wanavutwa mkono kila akipita. Mtoto wa miaka mitatu amefundishwa kumkimbia mke wa mjomba wake. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya kwa ule mdomo mwekundu.

Nikisema hivi mtaniambia ugonjwa ni ugonjwa. Haya, tuseme ni ugonjwa. Siwi, inua uso. Huyu mwanangu alirudi kutoka mgodini amekonda mpaka kaptula inafungwa kwa kamba, akaenda zahanati, akapewa vidonge vile vile, kichupa kile kile. Anavimeza hapa hapa mbele ya moto. Na wewe Bomai unakula naye kwenye jani moja, mnapokezana sigara moja, mdomo wako baada ya mdomo wake, na sijaona msumari ukitafutwa. Kwa nini? Kwa sababu ana ndevu? Siulizi nani alimletea nani, hayo ni ya mlango wao. Nauliza kwa nini ugonjwa wa watu wawili umepewa jina la mmoja, tena yule aliyebeba mtoto wenu tumboni.

Na wewe Siwi ulinyamaza. Ulikaa hapo ulipokaa sasa, mkeo anasogezewa jani lake upande wa mbwa, ukaendelea kutafuna. Nimekuzaa mimi na nakwambia mbele ya diwani, lilikuwa jambo la aibu.

Mnajua alifanya nini baada ya hapo? Hamjui, maana hamkuuliza. Alikiondoa kichupa ndani ya nyumba akakifukia kwenye tuta la viazi, awe anameza akienda shambani, mtu asimwone. Mvua ikanyesha kama inavyonyesha kwetu. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, vidonge vimekuwa uji mweupe kiganjani, analia bila sauti. Alikuwa amekaa siku kadhaa hajameza, anaogopa kuteremka zahanati kuomba vingine kwa vile wangemuuliza vya kwanza vimekwenda wapi. Nesi alituambia baadaye, kwa maneno ambayo hata mbuzi angeyaelewa: mama akimeza kila siku bila kuruka, na mtoto akizaliwa akapewa dawa yake ya maji, mtoto ana njia nzuri kabisa ya kuwa mzima. Akiruka, njia inaziba. Sasa niambieni nyinyi mliokuwa mnaogopa asiwaambukize watoto wenu, nani aliyekuwa anamtafutia ugonjwa huyu mtoto? Skola aliyefukia vidonge, au waliomfanya avifukie?

Msinijibu. Mkisema kitu nitakasirika, na kukasirika kunanikohoza.

Nilishuka naye bondeni mimi mwenyewe, na fimbo yangu, tukipumzika kila penye jiwe. Pale zahanati kuna benchi wanalokaa wenye vidonge hivyo, limewekwa pembeni, kila mtu analijua. Nikaketi. Mwanamke mmoja aliyevaa shela nzuri ya maua akaniinamia, "Bibi, hilo ni benchi la wale wenye kile kitu."

Nikamwambia, "Mwanangu, makalio haya yamekalia mawe, matope na mgongo wa baba yao, hayajaanza kuogopa mbao leo."

Skola alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya chokaa. Tulikaa pale wawili, na yule mwanamke wa maua akasimama mpaka miguu ikamvimba, benchi lina nafasi.

Mimi mambo haya nilikwishayaona nikiwa mtoto. Dada yangu Moro alipata ukoma. Walimjengea kibanda ng'ambo ya kijito, chakula kikawekwa juu ya jiwe, mwekaji anakimbia kabla Moro hajatoka. Masista wakaja na dawa, akapona, wakamrudisha na karatasi ya kusema amepona. Mama yangu alimkumbatia. Wengine wote waliendelea kuweka chakula juu ya jiwe. Alipona ukoma akafa kwa lile jiwe, hakuwa na ugonjwa mwingine wowote. Nimeishi miaka yote hii nikidhani watu wale walikuwa washamba wa zamani wasiojua kusoma. Kumbe nilikuwa nawalea wengine nyumbani kwangu, wenye simu.

Ngojeni. Ngojeni kidogo.

Sasa lile lililonichoma kuliko yote. Mtoto wa kwanza wa mwana, bilum yake, ule mfuko wa kamba wa kulalia, hufumwa na bibi na mashangazi, ndivyo tulivyofanyiwa sote, ndivyo kila mmoja wenu alivyoning'inizwa mgongoni kwangu. Nilingoja Dorin aje na kamba. Hakuja. Skola akaenda mwenyewe porini, akachuna magome, akayaloweka, akayaanika, akasokota juu ya paja lake mpaka likaota sugu, tumbo likimzuia kuinama, akapata bonge la kamba kubwa kama kichwa. Nilimwona Dorin akilichukua kwa vijiti viwili, kama anashika nyoka, akalitupa motoni. Akasema, nami nilikuwa nimelala hapa hapa, "Imesuguliwa kwenye ngozi yake, jasho lake limo humo. Mwanangu hatapita karibu na kitu hicho."

Dorin, hiyo bilum uliyojitwika kichwani, nyekundu na nyeusi, niliyokupa Krismasi ya mwaka juzi. Ile iliyowafanya wanawake wa sokoni Kundiawa wakusimamishe njiani. Mwanao wa mwisho amelala ndani yake tangu ana kitovu kibichi, amenyonya pembe zake, ameota meno juu ya mafundo yake. Tazama vidole vyangu. Vimepinda hivi tangu kabla Siwi hajaoa, hata kijiti cha kiberiti sikishiki. Ulidhani nani alisokota?

Kila uzi, Skola. Paja lile lile. Na alikuwa na ugonjwa ule ule, ila mlikuwa bado hamjauona kichupa. Kufuma nilijaribu mimi, tena vibaya, akafumua usiku nilipolala akafuma upya, na asubuhi akanisifu. Na yako pia, Bomai, ile ya kubebea tumbaku, unayosema ina kamba ya wanawake wa zamani.

Diwani, usicheke, utanichekesha nami nitakufa kabla ya wakati.

Usiivue, Dorin. Nimesema usiivue. Mtoto wako yuko pale nje anakimbiza kuku, mnene kama boga. Mwangalie, halafu uvae bilum yako kichwani ukae nayo.

Haya, maagizo yangu, niyaseme upesi. Nikifa, hakuna ndugu wa mbali wa kuja kuuliza nani kaniua. Jibu nimekwishatoa. Mkinichimbia shimo la kuokea chakula cha msiba, mawe yakishapata moto, Skola ndiye atakayepanga viazi na nyama, na shimo likifunguliwa Skola ndiye atakayegawa kwa mkono wake mtupu. Kama siku zake za kujifungua zitakuwa zimefika na hawezi kusimama, mtamletea nyama agawe akiwa ameketi. Atakayekataa kupokea mkononi mwake asihesabiwe kwamba alinililia. Arudi kwao na matope yake ya maombolezo usoni, ajipake kwa msiba mwingine. Bomai, wewe utapokea wa kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, na utakula watu wakikuona.

Siwi, utakwenda naye zahanati. Utakaa kwenye lile benchi. Utameza naye asubuhi, wewe chako yeye chake, kichupa kikae juu ya rafu pale karibu na chumvi, mahali pa kitu kinachotumika.

Nina kitu kimoja hapa chini ya blanketi. Skola, kitoe. Ndiyo, hiyo. Alisokota kamba nyingine, baada ya ile ya moto, akaifuma hapa kando yangu mkiwa shambani. Ni ya mtoto. Imekamilika yote isipokuwa ule mkanda wa kichwani, na bila mkanda haibebeki, ni mfuko wa kulaza chini tu. Nimemkataza asiumalize.

Dorin, utaumaliza wewe. Magome haya hapa, makavu. Huwezi kuunga uzi wako bila kushika ncha ya wake, mnajua wote, lazima uziviringe pamoja mpaka zisitenganike. Shangazi wa mtoto ni wewe, hana mwingine.

Si kesho. Sasa. Pandisha sketi, weka paja karibu na mwanga. Skola, mpe ncha.

Macho yananiingia giza, lakini sihitaji macho. Sauti ya kamba pajani naijua, nimelala nayo tangu kwa mama yangu. Mtoto azaliwe mzima, apewe jina zuri, lisiwe langu, langu lina ukali mwingi. Mungu wa masista na wazee wa baba yenu wawaangalie wote, hata wewe Bomai. Mshikane. Mle pamoja. Mtu asile peke yake katika nyumba yangu.

Dorin. Mbona sisikii.

Mate kidogo kwenye kiganja, uzi ni mkavu. Ndivyo.

Haya. Nasikia. Usiache.